Mahali Pangu Palikuwa Mlangoni

Shefu alikuwa anachemsha nyuzi za gitaa. Wengine hutupa uzi ukichoka. Yeye aliuvua, akauzungusha kama kamba ya kufungia kuku, akautia katika sufuria ndogo yenye maji na majivu kidogo, akauacha uchemke mpaka uchafu wa vidole utoke. Kisha aliuanika kwenye kamba ya nguo, kati ya shati lake na kitenge cha mkewe. Mama mmoja jirani, kule Bulengera, mtaani kwetu Butembo, mashariki ya Kongo, alisimama siku moja akamuuliza hiyo ni mboga ya aina gani.

"Ni mboga kweli, mama," alimjibu kwa Kiswahili chetu, ambacho "lakini" yake ni "mais" ya Kifaransa. "Mais inaliwaka na masikio."

Namtaja bila jina kwa sababu sisi wa kundi hatukumwita jina. Alikuwa Shefu, yaani mkubwa wetu, basi. Alizaliwa wapi, na babu yake alikuwa nani, hayo mtaambiwa na ukoo wake siku ya matanga yake ikifika. Mimi nitasema niliyoyaona kutoka mlangoni, maana mahali pangu palikuwa mlangoni, na hilo nitalieleza. Tena nitalisema moja mapema, msije mkadhani nawafichia: nilimpenda, naye alikuwa akimwimbia mwanamke mwingine. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi nilikohoa miaka mingi mbele ya mji mzima.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio. Katika siku zile za vita redio ilikuwa kama jamaa wa nyumbani, watu waliamka nayo na kulala nayo, wakitaka kujua waasi gani wamegawanyika tena na barabara ipi imefungwa. Ikinyamaza, ililetwa kwa Shefu imefungwa katika kitambaa kama mtoto mgonjwa. Aliifungua, akainusa. Naam, alikuwa akizinusa redio. Alisema kitu kilichoungua hakijui kudanganya pua. Hakuna redio Butembo iliyomshinda, hata zile ambazo mwenye redio alikuwa amezikalia.

Lakini spika ya gitaa lake ilikuwa imepasuka. Ilianguka toka kwenye baiskeli njiani, karatasi yake ikachanika, na tangu siku hiyo gitaa likawa linanguruma na kukwaruza kama mtu anayelia huku anakataa kulia. Muhindo, mpiga ngoma wetu, alimsihi aishone. Kushona spika kwake ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

"Hii hapana haribika," alisema. "Hii imeanza kusema kweli."

Ndivyo tulivyokuwa kundi la ajabu katika mji wa watu wanaojua rumba vizuri. Tulikuwa wanne: Shefu na gitaa lake na sauti yake, Kasereka wa besi aliyefukuzwa kwaya ya parokia kwa kuongeza vitu visivyoandikwa, Muhindo wa ngoma, na mimi, Kavira, sauti ya pili. Hatukupiga muziki wa kucheza. Shefu alipenda kanda za rock ambazo mzungu mmoja mwalimu aliziacha alipokimbia, na kutoka katika zile kelele alitoa kitu chake, cha polepole, kizito, chenye maneno machache. Watu waliokuja kutusikiliza mara ya kwanza walisogeza viti pembeni wapate nafasi ya kucheza, kisha wakavirudisha na kukaa. Mama mmoja alisema muziki wetu unafaa kumenyea maharage. Sikuona ubaya wake. Mtu anayemenya maharage anafikiri sana.

Siku moja askari waliingia uani wakati tunafanya mazoezi, wameufuata mlio. Mkubwa wao alikaa juu ya ndoo akasema kwa Lingala, "Beta ndule, tobina." Apige muziki wacheze.

"Yetu hapana ya kucheza, kamanda," Shefu alimwambia. "Ni ya kukaa tu."

Mimi nilianza kutafuta kwa macho njia ya kutokea. Lakini yule kamanda alikaa. Shefu alimwimbia wimbo juu ya tope la kizingitini, lile ambalo mke alikuwa akilikwangua kila asubuhi na sasa hakuna anayelikwangua. Kamanda alisikiliza akiwa ameinama, akaomba urudiwe, akafuta pua kwa mkono wa koti lake. Kisha akasimama, akatushukuru sana, akabeba betri yetu ya gari na kuondoka nayo. Shefu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema ndiye msikilizaji wa kwanza aliyeondoka na kitu.

Mnaona basi, alikuwa mtu wa kucheka. Hilo ndilo lililoniudhi. Angekuwa na huzuni saa zote ningemhurumia na kumwacha. Lakini alitania mafundi wenzake, alitania mapadri, alimtania hata nyanya yangu mwenye hasira, halafu akishika gitaa anafumba macho na kumtaja yule yule.

Jina lake Masika. Nimelitaja, sasa nimelitua.

Masika alikuwa mkewe, mtu wa familia ya wakulima wa Kipese, kule juu kwenye baridi. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mbaya. Ningependa kusema alitoroka na tajiri mwenye lori, au na afisa, kama wengine walivyofanya siku zile, na nyie mngenielewa upesi. Hapana. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye mikono mizuri, aliyetupikia sombe, majani ya muhogo, siku za mazoezi na kutuuliza kama chumvi imetosha. Kuimba hakujua. Hata wimbo wa kubembelezea mtoto aliupotosha njiani, na mimi nilikuwa namsikiliza akiupotosha na moyo wangu unapoa kidogo. Hicho tu ndicho nilichokuwa nacho dhidi yake.

Aliondoka asubuhi moja barabara ilipokuwa wazi kati ya mapigano na mapigano, akapanda pikipiki kwenda kwa dada yake mjini Beni. Hakulaani mtu. Alipoulizwa na wamama wa mtaa, alisema neno moja ambalo lilizunguka Bulengera yote kabla ya jioni.

"Nimechoka kuishi na mutu mwenye anaongeaka na waya tu."

Na ilikuwa kweli. Hapa ndipo palikuwa na fundo la Shefu. Mtu huyu aliyeweza kumliza kamanda hakuwa na maneno ndani ya nyumba yake. Nilikula mezani pake mara nyingi, nikaona. Masika angesema mvua imekaribia, naye anajibu "mm". Masika angesema mjomba wake amekuja, naye anajibu "mm", anaendelea kunusa redio. Maneno yote aliyokuwa akimnyima, alikuja kuyatoa Masika alipokwisha ondoka, mbele yetu, mbele ya Butembo nzima, yamepangwa vizuri na yana kiitikio. Na kiitikio nilikuwa naimba mimi.

Fikirieni kazi hiyo. Alitunga juu ya kitenge cha kijani cha Masika. Alitunga juu ya mwiko wake. Alitunga juu ya kikohozi chake cha asubuhi, kile kilichopita ukutani kabla yeye mwenyewe hajaonekana, na mimi nikaambiwa niimbe "kohoa tena, nijue uko" kwa sauti laini. Nilikuwa na wivu na kikohozi cha mtu. Nilifika nyumbani nikajaribu kukohoa hivyo, nyanya yangu akanichemshia majani ya mkaratusi.

Nyimbo alizitunga kwanza kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, akiwa peke yake, kisha akazihamisha katika Kiswahili. Kasereka alimuuliza kwa nini anajisumbua. Alisema uchungu wa Kinande unajulikana na mama yako tu, ila wa Kiswahili unaweza kupanda lori. Maneno hakutupatia mapema. Tulipewa siku yenyewe, ili tusiyazoee. Alisema neno lililozoeleka ni kama shemeji aliyekaa sana, unaacha kumwona.

Sasa niwaeleze mlango.

Tulipoamua kurekodi kaseti, tulikuwa na mashine moja ya kurekodia na mikrofoni moja tu. Hakukuwa na namna ya kupandisha huyu na kushusha yule baadaye. Kila kitu kiliingia pamoja, kama ilivyosikika mle chumbani, na kilichoingia kimeingia. Kwa hiyo Shefu aliining'iniza ile mikrofoni kwa kamba kutoka kwenye boriti, akatupanga kwa umbali. Anayetakiwa kusikika sana anakaribia, anayetakiwa kusikika kidogo anasogea nyuma. Tulijaribu, tukasikiliza, tukasogea, tukajaribu tena, na kila mmoja alipopata mahali pake Shefu aliinama, akachora alama ya chaki sakafuni, akasema neno moja tu.

"Hapo."

Yeye mwenyewe alikuwa karibu, mdomo wake unakaribia kugusa. Kasereka alikuwa kando ya dirisha. Muhindo na ngoma zake alikuwa kwenye kona, nyuma ya godoro. Mimi nilirudishwa hatua baada ya hatua. Nilipita meza, nilipita kabati, nilifika ukutani. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Nikafika mlangoni, kisigino kimoja ndani na kimoja nje, nikiwa na mawingu ya Butembo mgongoni.

"Hapo," alisema, akachora.

Nilimwambia kule ni nje. Alisema mguu mmoja uko ndani.

Kasereka, ambaye alikuwa amekwisha nigundua zamani, alimuuliza mbele yangu, "Shefu, juu ya nini unamutupa Kavira kule mbali?"

"Sauti yake iko na nguvu," alijibu, na hakuongeza.

Na kati ya alama yake yeye na zetu sisi wengine, chini ya ile mikrofoni kabisa, palikuwa na nafasi tupu. Mtu mmoja angetosha pale. Ukisimama hapo hata ukinong'ona unasikika. Niliitazama nafasi ile Jumapili baada ya Jumapili, maana tulirekodi Jumapili mchana, wakati mashine ya kusaga ya jirani imezimwa na watu wako kwenye misa ya pili. Niliichukia kama mtu anavyochukia kitanda cha mke mwenziwe. Nilijua ni ya nani. Hata aliyekuwa hawezi kuimba alikuwa na mahali pazuri kuliko pangu.

Nilimwombea nini Mungu siku zile? Nilimwomba mbuzi warudi.

Kwetu mahari ni mbuzi. Mwanamke anaweza kwenda kwa dada yake akakaa mwaka, watu wakasema bado ni mke wa fulani, amekwenda kutembea. Lakini wazee wa upande wake wakiwarudisha mbuzi, na kamba yao ikapokelewa na mtu wa nyumba ile, neno limekwisha, wala hakuna padri wala pasta anayeweza kulifufua. Shefu alilijua hilo. Ndiyo sababu aliwatumia wazee wa Kipese salamu kwamba njia ni mbaya, kuna askari, wasijisumbue na mifugo. Akatuma tena kwamba zizi lake limeanguka. Zizi halikuwa limeanguka, nililiona kwa macho yangu. Aliyafanya hayo huku anarekodi nyimbo za kusema ameachwa. Katika kaseti ameachwa kabisa, ila nje ya kaseti bado ana mke. Na mimi nilikuwa kati ya hayo mawili, kisigino ndani na kisigino nje.

Wazee hawakusikia salamu, au walizisikia wakazipima. Walikuja Jumapili ya kurekodi wimbo mkubwa, ule wa "Njia ya Beni" ulioipa kaseti jina. Mashine ilikuwa inazunguka. Shefu amefumba macho. Mimi nimeshika kiitikio pale mlangoni, nusu yangu iko uani, na kwa sababu niliambiwa nigeuzie uso nje ili sauti ipungue, ni mimi peke yangu niliyeiona barabara. Niliwaona wanakuja wakiwa na makoti ya baridi na fimbo, na mbele yao mbuzi waliofungwa kamba moja, wamechoka, wana tope hadi tumboni.

Sikuweza kusema neno. Mashine inazunguka, mdomo wangu uko kazini. Niliendelea kuimba, "rudi na njia uliyokwenda nayo", na mbuzi wanaingia uani.

Mzee wa mbele alikuwa mjomba wa Masika. Alikuwa mtu wa adabu. Alisikia watu wanaimba, akadhani ni sala, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Akavua kofia. Akawaashiria wenziwe wanyamaze. Lakini mbuzi hawakuashiriwa na mtu, na yule dume mkubwa, alipoona nyumba ambayo labda aliikumbuka, alilia. Alilia kwa nguvu zake zote katikati ya kiitikio.

Nilimwona Shefu mgongo wake ukisimama. Hakufumbua macho. Sauti yake ilikatika pale pale, ikabaki pumzi tu, halafu ikarudi ikiwa imeshuka, haina tena mapambo, kama mtu anayeongea na daktari. Mpaka leo ukisikiliza utaisikia. Neno linalofuata hakuliimba, alilisema.

Yule mjomba alikuwa mzee, mkono wake umekufa ganzi kwa kuvuta. Akanitazama. Mwanamke kijana, amesimama mlangoni mwa nyumba, mguu mmoja ndani, wala hakaribishwi na mtu bali ndiye anayekaribisha. Aliona alichoona. Akanisogelea, akaninong'oneza huku anaogopa kuharibu sala.

"Mutoto yangu, ni weye sasa wa hii nyumba? Bon. Shika."

Akaniwekea kamba mkononi.

Ningeweza kufungua vidole. Sikufungua. Niliishika kamba ile na kuendelea kuimba kiitikio mpaka mwisho, na watu wa mji wanaosema kwamba katika sehemu ya mwisho sauti yangu inapanda ghafla, kama mtu aliyepewa kitu, hawajakosea. Sijawahi kuimba vile tena.

Wimbo ulipokwisha Shefu aligeuka. Alitazama wazee, akatazama mbuzi, akafuata kamba kwa macho taratibu mpaka mkononi mwangu.

"Kaseti iko nazunguka bado?" aliuliza.

"Bado, Shefu," alisema Kasereka.

"Acha izunguke."

Akarudi kwenye alama yake, akaimba wimbo wa mwisho peke yake, mlango wazi, mbuzi wakilia kadiri walivyotaka. Sisi hakutuita. Kisha alitoka, akawasalimu wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akawatolea viti, akawaulizia mashamba ya Kipese. Kamba hakuniomba. Niliwafunga mwenyewe mbuzi kwenye lile zizi lililosemekana limeanguka.

Muhindo alitaka wimbo urudiwe. "Shefu, mbuzi amelia mu refrain."

"Mbuzi amelia pahali pake," Shefu alimwambia. "Weye ndiye ulichelewa na ngoma."

Kaseti alizitoa nakala mwenyewe dukani, moja moja, kutoka mashine hii kwenda ile, na kila nakala aliisikiliza yote. Ilienea kuliko tulivyodhani. Ilipanda malori, ikashuka Beni, ikapita vizuizi ambavyo sisi wenyewe tusingepita. Na popote ilipopigwa kwa watu wetu, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wakifika pale mbuzi anapolia, wanaume waliweka glasi chini. "Mbuzi zimerudi," mtu angesema, na wengine wanaguna. Wageni walidhani ni mchezo wa kuchekesha. Wetu walijua wamesikia ndoa ikifa.

Mimi nilipata nini? Nilipata jina. Sokoni nilikokuwa nauza waliniita Mama Kamba. Walinitania, "Kavira, ulishika kamba, mwanaume yuko wapi?" Nikacheka nao, maana ukikataa utani unauza peke yako. Mwanaume alikuwa pale pale dukani, ananusa redio. Nilimpelekea chakula, akashukuru vizuri. Nilikaa kwenye benchi la wateja, akanieleza habari za spika. Nilimngoja atunge wimbo mmoja, hata mfupi, hata juu ya mwiko wangu mimi. Hakutunga tena kitu. Alisema maneno yamekwisha, yote yako kwenye kaseti, na nilimwamini, na kuamini huko kulinikata. Yote alipewa yule. Mimi sikuachiwa hata makombo.

Kisha vita vilizunguka tena. Kasereka alihamia Kampala. Asubuhi moja duka la Shefu lilikuwa limefungwa na jirani akasema ameteremka Beni. Nilijua Beni kuna nani. Mwaka uliofuata tukasikia ametoa mahari upya, mbuzi wamepita njia ile ile kwenda Kipese mara ya pili, safari hii bila muziki. Siku niliyoambiwa nilikuwa nakatakata vitunguu, jambo lililonisaidia.

Niliolewa. Mume wangu ni mtu mwema, anaongea sana, hata usingizini. Nina watoto, nina biashara ya viazi vinavyotoka Luofu. Sina ninachomlalamikia Mungu. Lakini wivu haukusikia kwamba nimeolewa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Ile kaseti ikipigwa mahali, niliondoka.

Mwaka juzi nilipeleka viazi Beni, na redio ndogo ya mwenye gari ikafa njiani. Akasema kuna mzee mmoja karibu na soko, anazinusa. Nilimwambia nitampelekea mimi.

Duka lilikuwa dogo, lina pazia la maua nyuma. Alikuwa ameinama, kichwa chake chote cheupe, miwani imefungwa kwa uzi. Uzi wa gitaa, niliutambua. Nilisimama mlangoni.

"Shefu, hodi."

Hakuinua kichwa. Mkono wake wenye bisibisi ulisimama. Kabla hajasema lolote, nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi kile kile, kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Ni ile sauti ya mulango."

Masika alitoka na birika mkononi. Amenenepa, amependeza, bado ana mikono mizuri. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mimi pia.

"Mama Kavira," alisema. "Mimi hapana kubalia ile kaseti ipigwe mu hii nyumba. Unajua juu ya nini?"

Nilisema sijui. Nilidhani atanitajia kamba.

"Batu bote banasema ile kaseti ni yangu. Kitenge yangu, mwiko yangu, ata kukohoa kwangu. Nilinunuaka moja hapa sokoni, nikasikiliza, nikalia. Siku ya pili nikasikiliza muzuri. Ule mwanaume anaimba juu ya vyombo. Mais kule nyuma kuko mwanamuke mwengine mu mulango, anaomba kuingia. Kila wimbo, anaomba kuingia. Tangu ile siku sisikie tena kitu ingine."

Aliweka birika mezani, karibu na redio iliyofunguliwa tumbo.

"Nikamuuliza huyu: ulimuweka mbali hivi juu ya nini? Akaniambia, sauti yake iko na nguvu. Miaka yote niko namuuliza, ni ile jibu tu." Aligeuka kumtazama mumewe, aliyekuwa bado ameinama. "Mutu hapana weka mbali kitu chenye yeye hapana ogopa."

Shefu alisema, "Mm."

Miaka yote ile nilidhani wivu ni shamba langu peke yangu, kumbe tulikuwa tunalilima wawili, Masika kutoka upande wa Beni na mimi kutoka Butembo. Ningepaswa kumhurumia. Sikumhurumia. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto, na niliona kwamba yeye anaona, na hakunilaumu, maana angefanya vile vile.

"Ingia basi, dada," alisema. "Umesimama sana."

Nikaingia. Kulikuwa na kigoda kimoja, kando ya ukuta, cha wateja. Nilikuwa nakielekea wakati Shefu aliponyoosha mguu, kichwa bado kiko chini, akakikokota kwa kisigino. Akakivuta kupita kabati, akakivuta kupita meza, mpaka kikagusa kiti chake mwenyewe.

"Hapo," alisema.

Masika alikitazama kile kigoda. Nami nilimtazama Masika, nikaujua uso ule, nimeuvaa muda mrefu. Kisha akachukua kikombe akanimiminia chai.

Nikakaa. Aliniuliza kama sukari imetosha, nikamwambia imetosha.